Mama ni Mwislamu, mimi ni Mkristo: siku akifariki, nafasi yangu iko wapi?

*"Mama yetu ana miaka 76, Mwislamu wa swala tano, anaishi Tanga, na tangu mwaka jana moyo wake unamsumbua. Tuko wanne. Kaka mkubwa ni Mwislamu, yuko Canada, na anasema lolote likitokea tumsubiri afike. Mdogo wangu wa kike ni Mwislamu na ndiye anayeishi na mama. Mimi nilibatizwa nikafunga ndoa Kanisa Katoliki, niko Dar es Salaam. Kitinda mimba wetu wa kiume ameokoka, anataka mchungaji wake aje amwombee mama 'kabla hajachelewa'. Shangazi ameniambia wazi kuwa mama akifariki sitamgusa, maana mkono wangu utamharibia osho, na kwamba mama ataulizwa kaburini kwa nini watoto wake waliritadi, yaani waliacha dini. Jumuiya yangu ya kanisani nao wanauliza kama tutaaga mwili na kama waje na kwaya. Sijui nisimame wapi. Naogopa nitakuwa mgeni kwenye msiba wa mama yangu mzazi."*

Dada yangu, nianze na hilo neno mgeni, kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo. Siku mama yako akifariki kutakuwa na vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kuna ibada ya maiti, na hiyo ni ya mama: itafuata dini aliyoiishi, na wewe wala kitinda mimba hamna la kuibadilisha. Halafu kuna msiba, yaani kulia, kupokea watu, kulisha, kulipa, kukaa kitandani pake saa za mwisho. Huo ni wenu wote wanne. Ugomvi mwingi wa familia zenye dini mbili huanza pale mtu anapoidai ibada kana kwamba ni msiba, au anapomnyima mwenzake msiba kwa kisingizio cha ibada. Shangazi yako, kwa nia njema kabisa, amefanya hilo la pili.

Na ibada yenyewe ni fupi kuliko watu wanavyoidhania. Sheria ya Kiislamu inawadai walio hai mambo manne: kumwosha maiti, kumkafini (kumvika sanda), kumswalia na kumzika. Ni faradhi ya kutosheleza, maana yake baadhi ya watu wakiyatekeleza, waliobaki wamevuliwa jukumu. Hitima, arobaini, turubai, pilau, sare za kanga, mpiga picha, hayo ni desturi. Mengine mazuri, mengine mzigo, lakini ni ya kukaa mkazungumza. Kila mtu akikwambia "dini inataka hivi", muulize kwa upole liko wapi katika yale manne.

Tuje kwenye osho. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu walio wengi Tanga na pwani yote, kauli inayotegemewa ni kwamba nia si sharti kwa anayeosha. Ndiyo maana wanazuoni wake wakasema hata maiti akioshwa na asiye Mwislamu, osho limetimia. Mkono wako hauharibu kitu. Lakini kutoharibu hakukufanyi wewe uwe wa kushika kazi. Utaratibu unaopendelewa ni mwanamke aoshwe na wanawake Waislamu wanaojua, na walio karibu naye zaidi watangulie. Kwa hiyo mwenye haki ya kwanza pale ni mdogo wako wa kike, akisaidiwa na waoshaji wa mtaa.

Chumba cha kuoshea hakitaki watu wengi. Wanatosha wanne: mmoja anaosha, mmoja anamimina maji, mmoja anageuza, na mmoja yuko mlangoni anapitisha vitu. Omba kumimina au kusimama mlangoni. Omba mapema, mama akiwa hai, kwa muoshaji mwenyewe na si kwa shangazi. Wapo watakaokukubalia na wapo watakaokataa, na wakikataa siku ile usigombane mlangoni, kwa sababu kazi yenye thamani kubwa kwa binti huanza kabla waoshaji hawajafika, na hiyo hakuna atakayekuzuia ukiwapo.

Kazi hiyo ni ya saa ya kwanza. Watu hudhani maiti hukakamaa kwa baridi. Sivyo. Msuli ulio hai huhitaji nguvu ili ulegee, si ili ukaze tu. Pumzi ikikatika, akiba ya nguvu mwilini huisha, na nyuzi za msuli zilizoshikana hazina tena cha kuziachanisha. Ugumu huo kwa kawaida huanza kati ya masaa 2 na 6, ukianzia kwenye kope na taya, hufikia kilele kwenye masaa 12 hivi, kisha huachia pole pole kadiri nyuzi zenyewe zinavyoanza kuoza. Kwenye joto la Tanga mambo hukimbia zaidi. Ndiyo sababu wazee walihimiza kumnyoosha maiti mara tu anapokata roho. Hawakuhitaji kujua habari ya nyuzi ili waone kwamba aliyechelewa kunyooshwa anasumbua kuvishwa sanda.

Fanyeni hivi. Fumba macho kwa kiganja na uyashike kidogo. Chukua kitambaa chenye upana wa vidole vinne, kipitishe chini ya kidevu, kifunge utosini ili mdomo usibaki wazi. Kunja na kunyoosha viwiko, magoti na vidole, taratibu, bila kulazimisha. Kuna hadithi ya Mtume kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai, na waoshaji wazuri wanaishi kwa hadithi hiyo. Laza mikono ubavuni. Vua pete, bangili na hereni. Pete ikikwama, povu la sabuni na uzi hufanya kazi. Toa meno ya bandia kama yanatoka kwa urahisi. Mvue nguo alizofia, mfunike shuka safi.

Na nywele. Hili husahaulika sana na ndilo linalochelewesha osho kuliko kitu kingine chochote. Maji lazima yafike kwenye ngozi ya kichwa, kwa hiyo kama mama amesukwa kwa nyuzi au rasta, zote zifumuliwe. Waoshaji wakifika wakakuta kichwa kizima kimesukwa, saa nzima inapotea huku wanaume wamesimama nje na jeneza. Kaa kichwani pa mama yako umfumue, Mkristo ulivyo, na hakuna sheria unayovunja. Halikadhalika rangi ya kucha na kucha za bandia zitolewe. Hina haina shida, kwa sababu haizuii maji.

Osho likianza litakwenda namna hii. Maiti analazwa juu ya kitanda kilichoinuka upande wa kichwa ili maji yateremke. Zamani kilikuwa kitanda cha kamba na chini yake ufuo wa kupokea maji, siku hizi ni meza ya bati au vigae yenye bomba. Nguo ya kumsitiri hubaki juu ya mwili muda wote. Muoshaji anavaa glovu au kitambaa mkononi, anaminya tumbo kwa upole ili kilichomo kitoke, anamsafisha tupu bila kuzitazama, anabadilisha kitambaa, anamtawadhisha kama atawadhavyo mtu wa kuswali. Kisha kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Mara moja yenye kuenea mwili mzima inatosha kwa faradhi. Sunna, yaani inayopendekezwa, ni tatu, na ikihitajika tano au saba, iwe witiri, yaani idadi isiyogawanyika kwa mbili. Maji ya mwanzo hutiwa majani ya mkunazi yaliyotwangwa, ambayo hutoa povu kama sabuni. Yakikosekana, sabuni ya kawaida inafaa. Maji ya mwisho hutiwa karafuu maiti kidogo. Maji yawe ya kawaida, si ya moto, ila kukiwa na uchafu usiotoka. Fiqhi (elimu ya sheria za dini) ya Shafi inapendelea ya baridi kwa hoja kwamba hukaza mwili. Andaa ndoo tano au sita za lita 20, maana bomba la Tanga unalijua. Nywele za mwanamke husukwa mikia mitatu na kulazwa nyuma.

Baada ya osho wakati mwingine hutoka damu au uchafu, hasa kwa aliyekuwa na mipira ya dawa hospitalini. Watu hutaharuki wakataka kuanza upya. Hakuna haja: kinaoshwa kilichotoka, panawekwa pamba na plasta, basi. Na chochote kitakachoonekana mwilini, iwe kidonda au alama, kinabaki chumbani humo. Ukiruhusiwa kuingia, hiyo ndiyo amana ya kwanza utakayopewa.

Sanda ya mwanamke ni vipande vitano: shuka ya chini, kanzu, mtandio, na shuka mbili za kumzungushia. Mwanamume ni vitatu. Kwa mama mwenye urefu wa kati, nunua bafta (kitambaa cheupe cha pamba) mita 11 au 12 yenye upana wa mita moja na nusu. Ikiwa ni nyembamba zaidi itabidi kuunga, na mita zitaongezeka. Kila shuka ya kuzungushia izidi urefu wake kwa sentimita 30 hivi kila upande ili ifungike kichwani na miguuni. Kamba za kufungia hukatwa kwenye bafta hiyo hiyo. Ongeza pamba, udi au ubani wa kufukizia, na marashi. Bafta ya bei ya wastani inatosha, na kuifanya sanda ya fahari kumekatazwa.

Watu wa jumuiya wanaouliza kuhusu kuaga mwili waambie hivi. Kumtazama na kumbusu marehemu kunaruhusiwa. Abubakar, sahaba wa Mtume, alimfunua Mtume uso baada ya kufariki akambusu. Kwa hiyo wewe, kitinda mimba na wajukuu mtaingia mumwone mama na kumbusu paji la uso kabla sanda haijafungwa usoni. Na usiamini hadithi za mtaani kwamba chozi likimdondokea osho limeharibika. Linafutwa, basi. Kisichokuwapo ni ile foleni ya watu mia mbili wakipita mbele ya jeneza lililofunguliwa, kwa sababu mwili wa mwanamke haukai wazi mbele ya wanaume wasio maharimu zake, yaani jamaa wa karibu wasioweza kumwoa. Picha za uso wake pia zikatazeni, hata kwa kaka wa Canada.

Jeneza nalo lina maana mbili, na hapo Wakristo wengi hukwazika bila sababu. Kwenu jeneza ni sanduku linalonunuliwa, linapambwa na linazikwa. Kwa Waislamu jeneza, au tusi, ni machela ya msikiti ya kumbebea maiti hadi kaburini, kisha hurudi kungoja mwingine. Kuzika ndani ya sanduku kunachukiwa katika fiqhi isipokuwa udongo ukiwa tepetepe au kukiwa na dharura. Msije mkamnunulia mama sanduku kwa mapenzi. Mtakuwa mmenunua ugomvi.

Sasa kaka yenu. Huyu ni Mwislamu, na kwa kweli ndiye anayeomba jambo lililo zito kuliko ombi lako. Kuharakisha mazishi ni amri ya Mtume. Kusubiri kidogo kunaruhusiwa, kwa mfano ndugu aliye karibu afike au jamaa wakusanyike, madamu mwili hauhofiwi kubadilika. Mama akifariki usiku, kuzika kesho yake baada ya adhuhuri au alasiri ni kawaida na kunakupa wewe nafasi ya kutoka Dar. Canada ni habari nyingine. Kutafuta tiketi, kubadilisha ndege mara moja au mbili, kisha barabara ya karibu kilomita 350 hadi Tanga, hapo ni siku mbili zikienda vizuri, tatu zikikataa. Kwenye joto la nyuzi 30 bakteria wa tumboni huanza kazi mara moja. Siku ya pili tumbo linajaa na rangi inabadilika. Chumba cha baridi cha nyuzi 2 hadi 4 hupunguza mwendo, hakisimamishi. Dawa ya kuhifadhia ingeweza, lakini kumtia maiti dawa mwilini bila dharura ndiko hasa wanazuoni wanakokukataa.

Maoni yangu: msimsubiri, na mwambieni leo, si siku ile. Dini imempa njia mbili. Ya kwanza ni swala ya ghaibu, anayoweza kuiswali huko huko na Waislamu wenzake. Madhehebu ya Shafi yanaikubali kwa kuwa Mtume alimswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akiwa mbali naye. Ya pili ni kuja baadaye akaswali mbele ya kaburi. Na kama moyo wake unamvuta kweli, nauli ile aitumie sasa, mama angali anaweza kumfungulia mlango.

Kuhusu kuswaliwa na kuzikwa nitakuwa mfupi. Swala ya jeneza husaliwa kwa kusimama, takbira nne, haina rukuu wala sijida, na huchukua dakika tano. Ninyi msioswali mtasimama nyuma au pembeni kwa utulivu. Wanawake wa pwani kwa desturi hawafuati jeneza; katika hadithi ya Ummu Atiyya, sahaba wa kike wa Mtume, imekuja kwamba walikatazwa bila kukazaniwa, na wengi wa wanazuoni wakachukulia ni makuruhu (jambo lisilopendeza), si haramu. Usilione hilo kuwa ni kutengwa kwa ajili ya Ukristo wako: mdogo wako Mwislamu atabaki nyumbani pamoja na wewe. Makaburini mtakwenda siku nyingine.

Kitinda mimba anaweza kubeba jeneza, na mara nyingi hakuna atakayemzuia kutupia udongo. Kushuka kaburini kumpokea mama awaachie wajomba na wapwa Waislamu. Juu yao watatandaza shuka au kanga kuzuia macho, kwa kuwa anayezikwa ni mwanamke. Atalazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani (shimo dogo la ndani ya kaburi) akielekea Kibla, kamba za sanda zitalegezwa, vitapangwa viunza, yaani mbao, ili udongo usimwangukie, kisha kila mtu atatupia mafumba matatu. Tanga na Dar es Salaam Kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo kichwa kitakuwa mashariki. Nalitaja hilo kwa sababu kitinda mimba anaweza kushtuka akidhani wamemgeuza vibaya: desturi kongwe ya Wakristo ni kichwa magharibi na miguu mashariki, ili anayefufuka aamke akilitazama jua linakochomoza. Makaburi ya dini mbili yanaweza kulala mstari mmoja na vichwa vikapishana.

Nimefikia lile la shangazi linaloumiza, kwamba mama ataulizwa kwa sababu yenu. Waislamu wanaamini maswali ya Munkar na Nakir kaburini, na maswali hayo yanamhusu maiti mwenyewe: Mola wako nani, dini yako ipi, Mtume wako nani. Hakuna swali la "watoto wako wanasali wapi". Kurani katika sura ya 35, aya ya 18, inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Aya yenye maana hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia Bi Aisha, mke wa Mtume, aliposikia watu wakisimulia kwamba maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake. Hakukubali wailewe hivyo. Mzazi ana jukumu la kulea na kufunza akiwa na watoto mkononi. Mtu mzima aliyechagua njia yake anajibu mwenyewe. Sikwambii Uislamu hauoni tatizo kwa mtu kuiacha dini. Unaliona, na zito. Nakwambia hilo haandikiwi mama.

Kulia pia kumezungukwa na vitisho. Mtume alilia mwanawe Ibrahim alipofariki, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika. Kinachokatazwa ni kujipiga, kuchana nguo na kupiga mayowe ya kumlalamikia Mungu.

Kwa kitinda mimba nitasema kama ninavyoweza kumwambia usoni. Mwenye ruhusa ya mchungaji kuja ni mama, na aulizwe akiwa mzima wa akili, faragha, mara moja. Akisema "aje aniombee afya" basi aje, na aombe afya. Akisema hapana, yameisha. Lakini sakarati ikishaanza, pumzi zikiwa za kukwama na fahamu zikienda na kurudi, mtu hapaswi kuvutwa huku na huku. Waislamu humlaza kuelekea Kibla na humsomea shahada kwa sauti ya chini sikioni, bila kumsisitiza. Akiitamka mara moja humwacha. Hapo isikike sauti moja, nayo ni ya mdogo wenu wa kike. Wewe mshike mkono, mloweshe midomo kwa pamba na maji. Kuna utafiti wa hospitalini unaoashiria kwamba baadhi ya wanaokufa huenda huendelea kusikia hata wasipoweza kujibu, kwa hiyo mabishano yenu pale juu ya kitanda yanaweza kuwa sehemu ya kifo chake.

Na kanisa lako? Kwaya na mashada viache Dar. Si kwamba kuimba ni kubaya. Ibada ya Kikristo ya mazishi imejengwa juu ya tumaini la ufufuko, na nyimbo ndizo zinazolitamka. Ila zikiimbwa kwenye msiba wa Tanga hazitamfariji mtu. Jumuiya ije ikae chini ya turubai kama watu wengine, mabega na miguu imefunikwa, itoe rambirambi. Ukirudi nyumbani kwako wakusanyike wasali nawe. Unaweza pia kuomba Misa kwa nia ya mama: sheria ya Kanisa Katoliki, kanuni ya 901, inamwacha padri huru kutolea Misa kwa ajili ya yeyote, aliye hai au aliyekufa, na haisemi awe Mkatoliki. Ifanye kwa utulivu, usiitangaze kwenye kundi la familia la WhatsApp. Wenzako wa KKKT, yaani Walutheri, kwa kawaida hawamwombei marehemu, wao wangekuandalia ibada ya faraja, ambayo ni kwa ajili yako uliye hai. Tofauti hiyo ijue, usije ukadhani mwenzako wa Kilutheri anakunyima kitu.

Chakula ni sehemu ambayo ninyi wawili mnaweza kubeba mzigo mkubwa bila kugusa ibada. Jaafar, binamu yake Mtume, alipouawa vitani, Mtume alisema familia yake itengenezewe chakula kwa kuwa wana la kuwashughulisha. Siku hizi tumeligeuza, mfiwa ndiye anayelisha mtaa siku tatu. Lipieni turubai, viti, maji, mchele na mafuta. Nyama nunueni ikiwa imechinjwa na Mwislamu, au toeni fedha. Kuhusu siku ya tatu, ya saba na arobaini, Waislamu wenyewe hawajaafikiana: kwa wengi wa pwani hitima na talakini (maneno anayosomewa maiti kaburini) ni urithi wa wazee, kwa watu wa Sunna ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Usiingie katika ubishi huo. Fuata alichotaka mama, na asipotaka kitu, fuata msikiti wake.

Hayo yote yanategemea mama ameelekea wapi. Nimejibu kama Sunni wa Shafi. Akiwa Shia Ithnaasheri, osho ni mara tatu kwa maji matatu tofauti, ya mkunazi, ya karafuu maiti, kisha matupu, na swala ina takbira tano. Jumuiya yao itashika kila kitu.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi halitoshi. La kwanza ni wosia. Katika sheria ya Kiislamu mtoto asiye Mwislamu harithi kwa mzazi Mwislamu, lakini mama anaweza kumwandikia fungu ndani ya theluthi moja ya mali yake, baada ya gharama za maziko na madeni. Kama anataka kuwaachia wewe na kitinda mimba chochote, aandike sasa mbele ya mashahidi wawili wasio na fungu humo, na mumwone wakili pamoja na sheikh. Katika karatasi hiyo hiyo aseme anataka kuzikwa wapi na nani asimamie. Usidhani matakwa ya marehemu hujilinda yenyewe: wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi Desemba 1986, mjane wake na ukoo wake wakapelekana mahakamani, naye hakuzikwa hadi Mei 1987, kule Nyalgunga, ambako mjane alikataa. Mjane alieleza kuwa mumewe alitaka alale Ngong. Hoja hiyo haikuushinda ukoo.

La pili ni kifo cha ghafla nyumbani chenye shaka, kama kuanguka au jeraha: msioshe, msibadilishe nguo, iteni polisi na daktari kwanza. La tatu ni maradhi ya kuambukiza. Tanzania ilipata Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na mwili wa aliyekufa kwa virusi vya aina hiyo huambukiza vikali. Wahudumu wa afya wakisema maiti haoshwi, haoshwi. Fiqhi ina tayamamu (kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji) kwa hali hiyo, na osho lake limehesabiwa. Kwa kifo cha kawaida, chukueni karatasi ya kifo hospitalini, au barua ya serikali ya mtaa akifia nyumbani, na kifo kisajiliwe RITA, wakala wa serikali wa usajili, ndani ya siku 30. Hilo mpewe wewe au kitinda mimba, wakati wenzenu wako kwenye hitima. Na ikipita miezi usingizi na hamu ya kula havijarudi, au ukawa unajilaumu kila siku kwa kubatizwa, mwone mshauri nasaha hospitali ya mkoa. Usimalizie kwa shangazi.

Nenda Tanga kabla mwezi haujaisha. Usiitishe kikao. Kaa na mama jikoni au barazani, mdogo wako akiwapo, umuulize mambo manne: nani amuoshe, azikwe wapi, asomewe hitima au asisomewe, na ninyi wawili angependa mfanye nini siku hiyo. Jibu la swali la mwisho, likitoka mdomoni mwake, litamnyamazisha shangazi kuliko fatwa yoyote. Na ukigusia sanda akakwambia anayo tayari, iko sandukuni na karafuu maiti yake, usilie mbele yake; wamama wengi wa pwani hununua bafta yao miaka kabla. Muulize tu funguo anaweka wapi.